Taya Lililotoka Kibati

Daktari Bagalwa hakukubali taya liwekwe juu ya meza yake ya vyombo.

"Pale naweka vitu vya batu bazima," alisema. "Peleka kule kwa dirisha. Na utoe ile gazeti, citoyen inspecteur. Umefunga mufupa na picha ya Rais. Mutu akiingia hapa, ni miye nitatafutiwa matatizo."

Inspekta Nzabonimpa alilikunja gazeti, picha ikabaki ndani, akalitia mfukoni. Taya lilibaki juu ya kitambaa cheupe: taya la chini, la mtu mzima, rangi yake kama chai ya maziwa.

"Na meno yako weye mwenyewe utaniletea lini?" daktari aliuliza huku akivuta taa karibu. "Unatafunia upande moja. Nakuonaka kwa sherehe."

"Huyu kwanza."

"Muoga weye."

Inspekta alisimama nyuma ya bega lake, mikono mgongoni, akaangalia.

Taya hilo lilikuwa limeokotwa na wavunja mawe wa Kibati, kule ambako moto wa mlima ulipita mwezi wa Januari na kugeuka jiwe jeusi. Tangu siku hiyo watu walikuwa wakilivunja jiwe hilo kujengea kuta zao. Mifupa mingi ya Januari ilizikwa bila maswali. Hii ilipata faili kwa sababu ya jinsi ilivyolala: juu yake kulikuwa na mawe, na mawe hayo hayakuanguka. Yalikuwa yamepangwa, makubwa chini, madogo juu, kama fundi anavyoanza ukuta.

Kwa taya hilo Nzabonimpa alikuwa na jina moja tu la kudhania. Hategekimana, mchuuzi wa jibini za milima ya Masisi, mkaaji wa Goma. Asubuhi mlima ulipopasuka, yeye na mdogo wake Ntirenganya walikuwa wamepanda lori kwenda kaskazini, wakashuka Kibati. Ntirenganya alirudi peke yake na nyayo zilizobabuka. Aliwaambia jamaa kwamba moto ulimzunguka kaka yake na kumfunga katikati, kwamba aliona kwa macho yake. Matanga yakafanyika bila maiti. Na alipoambiwa habari ya mifupa hii, Ntirenganya alitikisa kichwa. Kaka yangu alikuwa moshi, alisema. Hiyo mifupa iko ya mutu mwingine.

Mjane alisema vingine. Mukabalisa alikuwa ameketi nje, kwenye benchi la veranda, katika nguo nyeusi ambazo hakuzivua tangu Januari. Yeye ndiye aliyemwambia inspekta kwamba mume wake hakuwa na jino la chonge upande wa kushoto, chini. Taya nalo halikuwa na chonge hilo. Nzabonimpa alifurahi njia nzima ya kurudi ofisini, mpaka ulimi wake ulipopita kwenye pengo la mdomo wake mwenyewe. Milimani, mtoto mchanga akipata homa, wazee humpasua ufizi na kumtoa kile kijino kinachovimba, wakidhani ndicho ugonjwa, na chonge halioti tena. Akamwambia karani afungue kinywa. Akamwambia na askari wa mlangoni: pengo lile lile. Nusu ya Masisi ingeweza kuwa na taya lile.

Ndipo akakumbuka kwamba gego moja lilikuwa linang'aa.

Mukabalisa hakuwa na muda mrefu wa kungoja. Jumamosi jamaa wangemvua nguo za matanga, na baada ya hapo angeingia nyumba ya Ntirenganya kama mke wa kurithiwa, kama desturi yao ilivyotaka. "Sikatae," alikuwa amemwambia inspekta. "Ntirenganya ni mutu muzuri, anapenda batoto, bake na bangu. Lakini nijue kwanza kama ni yeye, na alikufa namna gani. Baliniambia moto ulimuchukua mara moja, hakusikia kitu. Ile neno njo inanilalisha usiku."

Daktari Bagalwa aliligeuza taya, akalisogeza kwenye mwanga, akapitisha kioo chake kidogo chini ya gego.

"Huyu namujua," alisema.

"Kwa mufupa?"

"Kwa kazi yangu. Mushonaji hajue mushono wake?" Akamvuta kwa mkono wa shati. "Kuja karibu, halikuume. Hili gego lilikuwa limeoza mpaka karibu na mushipa. Nilipolisafisha, kulibaki kuta tu, nyumba bila paa. Sasa, paa ni hii, amalgamu. Fedha na bati, unavikoroga na zebaki, vinalainika kama ugali, unashindilia, halafu vinakuwa vigumu. Inaweza kubeba kutafuna. Lakini ni chuma. Ukiiweka yenyewe juu ya mushipa, mutu akinywa chai ya moto anaruka mpaka kwa dari."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo chini kabisa naweka uji wa zinki na mafuta ya karafuu. Ule unatuliza mushipa, na joto haliupenye. Lakini ni laini, ukiuacha wazi, kutafuna kutaumaliza. Juu yake naweka saruji ya meno, ngumu zaidi, ili niweze kushindilia chuma bila kuuponda ule wa chini. Na saruji nayo mate inaikula, lazima chuma kiifunike. Halafu chuma hakishikane na jino. Hakina gundi. Lazima nichonge shimo liwe jembamba juu, pana chini, ndipo kinakaa." Alilainisha sauti kidogo. "Kila kimoja kina ubovu wake, na kila kimoja kinaficha ubovu wa mwenzake. Hakuna hata kimoja ambacho ni jino. Vyote vitatu pamoja vinafanya jino."

"Na moto ukikipita?"

Bagalwa alichukua kichuma chembamba chenye ncha, akakwangua pembeni mwa kijazo, kwenye kona ambako ukingo wa jino ulikuwa umevunjika. Punje moja nyeupe ikatoka. Akaisaga kwa ncha ya kichuma juu ya kioo na kumwinulia Nzabonimpa puani.

Karafuu. Kidogo sana, lakini ilikuwa karafuu.

"Zebaki haivumilie moto," daktari alisema. "Ingetoka, hii fedha ingebaki na malengelenge kama mukate. Karafuu ingetangulia zamani. Huyu mutu hakuchomwa. Hata karibu na moto hakulala."

"Ulimuziba lini?"

"Asubuhi ile ile."

"Ile ipi?"

"Ya mulima, inspecteur. Kila mutu anajua alikuwa anafanya nini asubuhi ile. Miye nilikuwa namuziba Hategekimana. Alikuwa anaharakisha, mudogo wake anangoja nje kwa lori. Nilimwambia asitafunie upande huu mpaka kesho, ju amalgamu inataka kukauka, na arudi niisugue. Niliiacha juu kidogo, ya kusugua. Akatoka. Sikumaliza hata mugonjwa aliyemufuata, batu bakaanza kupiga kelele kwa barabara."

Aliinama tena. Safari hii alikaa ameinama muda mrefu, na alipoongea, utani ulikuwa umemtoka.

"Nani aliisugua?"

"Sijakuelewa."

"Tazama. Huku iko na mikwaruzo ya chombo changu, vile niliiacha. Lakini hapa na hapa, pale ilikuwa juu, inang'aa. Hiyo si chombo. Ni jino la juu. Amalgamu ilikauka kwanza, halafu ikatafuna. Kwa siku moja haiwezi kung'aa hivi."

Nzabonimpa alihesabu kimya. Asubuhi, kiti hiki. Baadaye kidogo, moto, na kaka aliyegeuka moshi. Kisha, baada ya moshi, siku za kutafuna.

"Alikuwa muzima," alisema.

"Siku kadhaa. Na kuna kitu kingine, ngoja." Bagalwa alichukua kibano. Kati ya kijazo na jino la jirani alikuwa ameacha mwanya ambao angeurekebisha siku ya kusugua. Ndani ya mwanya huo kulikuwa na kitu kimekwama. Alikivuta polepole. Ulikuwa uzi mgumu, wa njano, na mwingine ukafuata.

"Majani?" inspekta aliuliza. "Mutu mwenye njaa anakula majani."

"Majani yangekuwa yameoza. Huu ni muwa."

Wakatazamana. Kibati ni baridi. Muwa hauoti huko. Unatoka bondeni, upande wa mji wa Kiwanja, na unauzwa sokoni Goma. Mtu aliyefungwa katikati ya jiwe la moto hakwenda sokoni.

"Kuna mutu alimupelekea," alisema Nzabonimpa.

"Muwa unampelekea mutu mwenye kiu," daktari alisema, akaanza kulifunga taya katika kitambaa chake mwenyewe, safi.

Mukabalisa alisimama alipowaona mlangoni.

"Ni yeye?"

"Ni yeye, mama," Nzabonimpa alisema.

Akakaa tena. Mikono yake ilibaki juu ya magoti, viganja juu.

"Moto ulimuchukua mara moja?"

"Sijamaliza kazi. Ungoje hapa kwa docteur."

"Papa, nimekuuliza kitu moja tu."

"Ungoje, mama. Nitarudi."

Alipofika kwenye gari lake, alimkuta Mukabalisa amekwisha kupanda nyuma. Akamwambia ashuke. Alimwambia mara mbili. Mukabalisa alikuwa anatazama mbele, kwenye kioo, kama abiria aliyelipa.

Kibati kulikuwa na jua jeupe na mlio wa nyundo. Wavunja mawe walikuwa wametapakaa juu ya jiwe jeusi, kila mmoja na rundo lake. Ntirenganya alikuwa mmoja wao. Aliacha biashara ya jibini baada ya matanga na kuja kufanya kazi hapa, na mkubwa wa wavunja mawe alikuwa amemweleza inspekta kitu cha ajabu: yeye ndiye aliyewazuia kuvunja kwenye pembe ile ya mifupa, akisema jiwe lake ni bovu, linapasuka vibaya. Waliivunja siku aliyokuwa mgonjwa.

"Citoyen inspecteur!" Ntirenganya alimwita kutoka mbali. "Banasema polisi sasa inang'oa meno!"

Wenzake wakacheka. Nzabonimpa alicheka nao, akachutama mbele ya rundo.

"Kaka yako alipenda muwa?"

Nyundo ilikuwa juu. Ilishuka polepole, bila kugonga.

"Nani hapendi muwa."

"Unauzwa wapi hapa?"

"Hapa? Hapa hakuna muwa."

"Ndiyo. Hapa hakuna." Aliokota kipande cha jiwe, akakipima mkononi. "Nielezee tena moto."

"Nimeeleza mara ngapi? Ulikuja kama maji. Ukajigawa mara mbili, huku na kule, ukakutana chini. Yeye alikuwa katikati."

"Kwa kile kilima."

Ntirenganya hakugeuka kukitazama. Kilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye pembe ya mifupa: kisiwa kidogo cha udongo katikati ya jiwe, na majani mabichi juu yake.

"Ulimuona anaungua?"

"Niliona moshi."

"Nimekuuliza kama ulimuona."

"Moshi ulifunga, muzee. Nilikimbia. Kila mutu alikimbia."

"Najua. Kwa hiyo ile siku hukudanganya," alisema Nzabonimpa. "Ulianza kudanganya kesho yake."

Wenzake walikuwa wameacha kugonga. Inspekta aliwaashiria waondoke, nao wakaondoka, lakini si mbali. Ntirenganya alikuwa akitazama kule kwenye gari.

"Mutoe ule mwanamuke hapa."

"Hatatoka."

"Basi sitasema."

"Sema polepole. Ulirudi ju ya nini?"

"Kutafuta kitu cha kuzika. Hata kiatu." Alipangusa mdomo kwa kifundo cha mkono, akajiachia vumbi jeusi midomoni. "Kijiji kilikuwa kitupu, batu bote bamekimbilia Goma. Nikasikia mutu anaita. Nikamuona kule juu. Aliinua mukono. Muzee, alikuwa anacheka! Aliniambia: weye, nilifikiri umekufa."

"Na jiwe?"

"Juu lilikuwa jeusi, chini nyekundu. Asubuhi ile ile mutu moja wa hapa alirudi ju ya mbuzi yake, akalikanyaga. Lilivunjika. Tulimusikia, miye na kaka, mara moja tu."

"Ukarudi Goma."

"Mbio. Nilitaka kusema. Nikafika, mama amenyolewa, banamuke balala chini, na ule..." Aliinua kidevu kuelekea gari. "Ule alikuwa anashikwa na batu bane, anataka kuja kuokota majivu. Majivu, muzee! Nikajua, nikisema eko muzima, ataingia. Hakuna mutu wa kumushika. Ataingia na mutoto kwa mugongo. Nikasema, jiwe litapoa kesho. Nitamuleta miye mwenyewe, kwa mukono, na matanga itageuka karamu. Na kesho yake nikasema vile vile."

"Na muwa."

"Maji unaweza kurusha? Nilinunua muwa, nikakata vipande, nikarusha. Vingine vilimufikia. Vingine vilianguka kwa jiwe, vikaungua, vikanukia sukari. Alisema, weye hujue kurusha, tangu utoto." Akaiweka nyundo chini. "Asubuhi moja hakuinua mukono."

Nzabonimpa alikuwa bado ameshika kile kipande cha jiwe. Aliuliza alichotakiwa kuuliza.

"Ulimufikia lini?"

"Lilipopoa. Halikukawia, ndiyo shida. Angengoja kidogo tu, ningemufikia. Nikamukuta amelala kwa ubavu. Hakuungua, hata nywele moja. Ningemupeleka nyumbani namna gani? Mutu niliyesema alikuwa moshi?"

"Ukamushusha, ukamupangia mawe."

"Nilipanga vizuri," Ntirenganya alisema.

Kivuli kiliwaangukia. Mukabalisa alikuwa amesimama nyuma ya inspekta, viatu mkononi, na hakuna aliyejua alisimama pale tangu neno gani. Nzabonimpa aliinuka amzuie, kisha akamwachia nafasi.

"Ungeniambia," alimwambia shemeji yake.

"Ungeingia."

Alifikiria jambo hilo. Walimwona akilifikiria, akilitazama jiwe toka pale alipo hadi kwenye kilima.

"Ndiyo," alisema. "Ningeingia."

Ntirenganya alianza kulia kwa sauti, kama mtu aliyesamehewa. Lakini Mukabalisa alikuwa hajamaliza.

"Alikuwa anaita nani?"

"Nani?"

"Ulisema ulisikia mutu anaita. Hakujua kama weye uko muzima. Alikuwa anaita nani?"

Mwanamume yule alitazama nyundo yake, kisha inspekta.

"Mujibu," Nzabonimpa alisema.

"Weye. Kila asubuhi nikifika, kabla hajaniona, nilikuta anaita weye. Kwa jina la nyumbani. Pascasie. Pascasie. Sauti ilikuwa inapunguka, lakini jina njo ile."

Miaka mitano hakuna aliyelitamka jina hilo hadharani. Serikali ilikuwa imeyakataza majina ya ubatizo ya Kizungu, na kwenye karatasi zake zote alikuwa Mukabalisa tu. Aliviweka viatu chini, kimoja kando ya kingine.

"Jumamosi usikuje," alimwambia Ntirenganya. "Batoto bako nitabasalimia kwa njia. Lakini usikuje."

Nzabonimpa alimshika Ntirenganya mkono, juu ya kiwiko, na kumwambia kwamba anamchukua kwa kuficha maiti na kutoa ushahidi wa uongo, na kwamba mengine yataangaliwa na parquet, ofisi ya mwendesha mashtaka. Aliyasema yote kama yanavyotakiwa kusemwa. Ntirenganya aliitikia kila neno kwa kichwa. Alimwongoza hadi kwenye gari, akamketisha mbele, akazunguka upande wake, na hakuwasha gari.

Mukabalisa alikuwa anatembea juu ya jiwe kwa miguu mitupu. Lilikuwa baridi sasa, na kali. Hakwenda haraka. Alipanda kilima, majani yakamfika magotini, akasimama na kuuelekea mlima, halafu akajigeuza polepole, akitafuta upande ambao mtu angekuwa ameuelekea akimwita mtu aliye Goma.

Milimani kwao, mke akiitwa na mumewe haitikii ndiyo. Huitikia kwa kumtakia uhai.

"Karame!" Mukabalisa akaitika. Ishi.

Wavunja mawe walivua kofia. Alikaa kidogo akisikiliza, mkono umefunika macho dhidi ya jua, kisha akavuta pumzi na kuitika tena, kwa sauti kubwa zaidi, kwa ajili ya mtu aliye mbali.